Usisahau mabano: hesabu ya maji ya nyumba

Leo ni hesabu. Mama uliyeko jikoni, usizime redio, kwa maana tunahesabu maji. Nawe kijana, shika daftari na kalamu.

Turudi Mudende, kule juu ya Gisenyi, mwaka 1997, wakati kambi ya Wakongomani ilipokuwa pale. Baadhi yenu mnapakumbuka, na mnajua kwa nini walionusurika walihamishiwa Gihembe, huko Byumba. Nchi ile ni ya volkano: mvua inanyesha, lakini maji yanazama upesi kwenye mawe. Kila jerikani ina hesabu yake. Mwaka huohuo mashirika ya misaada yalianza kazi ya kuandika viwango vya Sphere, ambavyo vinasema mtu mmoja apate angalau lita 15 za maji kwa siku.

Tuseme kamati ya maji inaongeza jerikani moja ya lita 20 kwa kila nyumba, iwe na watu wengi au wachache. Jerikani hiyo ni mfano wangu tu. Idadi ya watu wa nyumba tunaiita x. Maji yao kwa siku ni:

f(x) = 15x + 20

Hii inaitwa funksheni. Jina lisikutishe. Ni kama mashine ya kusaga: unatia kitu, kinatoka kingine. Nyumba ina watu 6? Ondoa x, weka 6 mahali pake. 15 mara 6 ni 90, jumlisha 20. Lita 110.

Sasa usiku wanafika ndugu wawili kutoka Masisi. Waliokuwemo ni x, kwa hiyo sasa ni x + 2. Unaitia yote pamoja, ndani ya mabano:

f(x + 2) = 15(x + 2) + 20 = 15x + 30 + 20 = 15x + 50

Wengi huandika 15x + 2 + 20. Hata mimi niliandika hivyo shuleni, nikapata sifuri, nikaona mwalimu anasumbua watu bure. Lakini tazama: kwa kosa hilo wageni wawili wamepewa lita 2 badala ya 30. Lita moja kwa kila mmoja, siku nzima! Mabano yanasema 15 ni ya kila mtu, aliyekuwepo na aliyefika jana usiku. Zile 20 hazikubadilika, kwa sababu nyumba ni ileile.

Mmoja akiondoka kwenda kusoma, jaribu mwenyewe f(x − 1). Ukipata 15x + 5, umepatia.

Tumalizie na jambo linaloleta maneno kwenye meza ya kuandikisha. Nyumba ya watu x na nyumba ya watu y wanaulizwa waandikwe kama nyumba moja. Wakiungana:

f(x + y) = 15x + 15y + 20

Wakibaki mbalimbali:

f(x) + f(y) = 15x + 15y + 40

Jerikani moja imepotea, na hakuna aliyeiba. Kwa hiyo kabla ya kukubali karatasi moja, ulizeni: ni vitu gani hapa vinatolewa kwa nyumba, si kwa mtu? Sufuria? Turubai? Kisha hesabuni wenyewe.