Ahabu Alitaka Bustani ya Mboga

Somo: 1 Wafalme 21:1-19

Twajua kwamba saa hii wengi wenu mmewasha redio huku chai ikichemka, na jembe limeegemea mlangoni. Hatutawachelewesha. Twataka kuzungumza nanyi juu ya bustani ya mboga, kisha juu ya mfalme mmoja aliyeitamani.

Kibugu, tunakotumikia, ni juu ya mji wa Embu, mahali ambapo kahawa yaanza kuiachia chai nafasi, na ukizidi kupanda wafika kwenye msitu wa Mlima Kenya. Udongo wetu ni mwekundu na wa kina, na mvua hutujia mara mbili kwa mwaka: ile ndefu ya Machi hadi Mei, na ile fupi ya Oktoba hadi Desemba. Mgeni akiuona ujani ule husema, watu hawa hawawezi kukosa mboga. Lakini na atazame vizuri. Shamba la babu liligawiwa wana, nao wana wakawagawia wana wao, na kipande kilichobaki kimejaa mikahawa au michai mpaka karibu na ukuta wa nyumba. Fedha ya kahawa husubiri chama cha ushirika kiuze. Sukuma wiki haisubiri, yatakiwa leo jioni. Tena wako wasio na shamba lolote, waliopanga chumba kimoja pale sokoni, ambao hununua hata kitunguu kimoja kimoja.

Kwa ajili ya hao, kanisa letu lilichukua nusu eka nyuma ya jengo, mahali palipokuwa malisho ya mbuzi, likaigawa vipande 24. Kila kipande ni hatua 12 kwa 8. Si kikubwa, lakini mtu akikitunza, nyumba ya watu watano haitanunua mboga isipokuwa miezi ya kiangazi.

Kazi ile imetufundisha mengi, sisi tuliodhani kwamba tulizaliwa tukijua kulima. Ndugu mmoja alileta samadi mbichi kutoka zizini, akaifukia siku ileile, akapanda miche ya kabichi juu yake. Baada ya juma moja miche yote iligeuka manjano kana kwamba imemwagiwa maji ya moto. Samadi yataka kukaa miezi mitatu hivi, ifunikwe, igeuzwe, ipoe. Karoti nazo zina adui wake, yule fuko, asiyeonekana. Asubuhi majani yasimama, jioni yamelala, ukivuta waona kisiki tu. Kuna mzee kati yetu ajuaye kumtega kwa fimbo iliyopindwa na kamba, na katika vita hivyo twaona yeye ndiye askofu wetu. Nyanya zatupa taabu kubwa zaidi, maana kuanzia Juni hadi Agosti ukungu hushuka kutoka mlimani, majani hupigwa na baridi, yakababuka meusi, na kwa siku chache kipande chote kimeoza. Anayetaka nyanya na azivune kabla ya baridi hiyo, au azijengee kipaa cha nailoni. Vidukari wa sukuma wiki twawaosha kwa maji ya sabuni. Managu na terere hazitaki hata hayo. Zaota zenyewe, na mabibi zetu walizila kabla kabichi haijafika nchi hii.

Sasa tuwaambie jambo lililotukuta, nalo ndilo lililotufanya tulifungue tena somo la leo.

Tangu mwanzo tulikuwa na kanuni moja: kipande kisicholimwa kwa msimu mmoja hurudi mikononi mwa kamati, kipewe mwingine. Ni kanuni nzuri, na bado twaitetea, kwa kuwa orodha ya wanaongojea ni ndefu. Basi kulikuwa na kipande cha pembeni, karibu na mfereji wa maji, kikipakana na nyumba ya mchungaji. Kililimwa na mama mmoja mjane. Alikuwa na sukuma wiki, malenge yaliyotambaa mpaka kwenye ua, na miti miwili ya matunda damu aliyoipanda mwenyewe kwa mbegu. Mvua za Oktoba zikaja, kipande hakikuguswa. Kishonanguo kikamea mpaka kiunoni. Desemba ikapita, yeye mwenyewe hakuonekana.

Kamati ilikutana mwezi wa Januari. Tuliimba, tukaomba, tukasoma kanuni, kumbukumbu zikaandikwa na kutiwa sahihi. Mtu mmoja akasema kwamba nyumba ya mchungaji hupokea wageni wengi na haina mboga, na kipande kile kipo mlangoni pake. Hakuna aliyepinga. Nasi, wapendwa, tulinyamaza. Ukweli ni kwamba tulikuwa tumekitazama kipande kile kwa dirisha siku nyingi. Jumatatu tukashika panga. Tulifyeka kishonanguo, tukang'oa malenge, na ile miti miwili tukaikata, maana ilitia kivuli mahali tulipotaka kuweka nyanya.

Jumapili ya tatu mama yule akarudi. Alikuwa amekaa hospitalini majuma mengi, akimwuguza mjukuu wake. Nyumba yake haifiki kilomita moja kutoka kanisani, na katika kamati nzima hakuna hata mmoja aliyetembea kwenda kuuliza habari zake. Baada ya ibada tulimwona amesimama penye visiki vile viwili. Tulimwendea tukiwa na maneno mengi tayari: kanuni, kumbukumbu, orodha. Yeye alitusalimu kwanza. Kisha akauliza, “Mchungaji, zile mbegu za malenge mliziweka wapi?”

Hatukuwa tumeziweka popote.

Usiku ule tulisoma habari za Nabothi. Tulikuwa tumeihubiri mara nyingi, na kila mara tulimhubiri kama habari ya wezi. Safari hii tuliona mambo tuliyokuwa tumeyaruka. La kwanza, mfalme hakutaka dhahabu wala jeshi. Alitaka bustani ya mboga. Tulipokuwa chuo cha theolojia mwalimu wetu wa Kiebrania alituonyesha kwamba maneno yaleyale ya bustani ya mboga yapatikana tena katika Kumbukumbu la Torati 11:10, pale nchi ya Misri inapofananishwa na bustani inayonyweshwa kwa nguvu za mguu wa mtu. Siku ile tuliandika jambo hilo katika daftari kwa ajili ya mtihani, tukalisahau. Mizabibu ni kazi ya miaka mingi na ya vizazi. Mboga ni za msimu mmoja. Ahabu alitaka kung'oa jambo la vizazi ili apate la msimu.

La pili, sababu aliyoitoa ilikuwa ujirani tu: shamba lile lilikuwa karibu na nyumba yake. Nasi hatukuwa na sababu nyingine.

La tatu, alianza vizuri. Alimwahidi Nabothi shamba lililo bora zaidi, au bei yake kwa fedha. Mtu akija kwako leo na ahadi kama hiyo utamwita mstaarabu. Lakini Nabothi hakuwa na shamba la kuuza, maana kwake ardhi ilikuwa urithi wa baba zake, na kwa torati ya Walawi 25 mwenye ardhi ni Mungu mwenyewe. Mfalme akarudi nyumbani, akajilaza kitandani, akageuza uso wake, akakataa chakula. Mtu mzima, mwenye taji, anasusa chakula kwa ajili ya mboga!

Na la nne ndilo lililotuondolea usingizi. Yezebeli hakutuma majambazi. Alituma barua zenye muhuri. Wazee wa mji wakaitwa, mfungo ukatangazwa, Nabothi akaketishwa mbele ya watu, mashahidi wawili wakapatikana kama sheria ilivyodai. Utaratibu wote ulifuatwa, na mtu akauawa kwa mawe nje ya mji. Tena 2 Wafalme 9:26 yataja na damu ya wanawe, ndipo tunapofahamu kwa nini hakubaki mrithi wa kudai. Sisi hatukumwua mtu, wala hatukuleta shahidi wa uongo. Lakini tulikuwa na sala, na mkutano, na kumbukumbu zilizotiwa sahihi, na mwenye kipande hakuwako.

Wazee wetu wanaosikiliza watakumbuka jambo lingine. Mpango wa Swynnerton ulitolewa mwaka 1954, wakati wa hali ya hatari, na vipande vya ardhi vilivyotawanyika katika Mkoa wa Kati wa siku zile, Embu ikiwemo, vikaanza kuunganishwa na kupimwa viwe shamba moja moja lenye hati. Kamati za wazee zilikaa mashambani kuamua mipaka. Manufaa yalikuwapo. Kahawa na chai zetu zilipata nafasi kwa njia hiyo. Lakini katika mkoa ule kulikuwa na watu waliokuwa kizuizini siku kamati zilipokaa, na aliyerudi alikuta mpaka umekwisha kupita. Watoto wa watoto wao wangali wanahesabu hatua mpaka leo. Sisi tulizaliwa baadaye, tukazisikia habari hizo jikoni kwa bibi, na bado tukakaa mkutano wa namna ileile.

Tuliita kamati juma lililofuata, tukakiri mbele yao kwamba tulikitamani kipande kile kabla hakijajadiliwa. Halikuwa jambo rahisi. Mjumbe mmoja alisema kwamba mchungaji akikiri hivi, watu hawatamheshimu. Mwingine alisema kanuni ni kanuni, na wanaongojea wana haki yao, na kwa kweli huyo hakukosea. Mwishoni tulirudisha kipande, na tukaongeza neno katika kanuni: kabla kipande hakijachukuliwa, wajumbe wawili wataenda nyumbani kwa mwenyewe, na wasiende mikono mitupu. Tangu siku hiyo tumetembelea nyumba nne. Katika moja tulimkuta mtu aliyekuwa amechoka tu na kulima, akatupa jembe la kanisa alilokuwa nalo na shukrani juu yake. Katika tatu tulikuta ugonjwa.

Kwa mama yule tulikwenda wenyewe, tukiwa na miche miwili ya matunda damu na malenge moja tulilonunua sokoni ili apate mbegu. Alitukaribisha, akatupa uji. Tulipoomba msamaha, alikaa kimya mpaka tukadhani hakusikia. Halafu akasema, “Nimewasamehe, mchungaji. Lakini ile miti nilikuwa nimeiteka maji mwaka mzima, na ilikuwa imeanza kutoa maua.” Tukamwuliza tufanye nini. Akasema, “Hii miwili mtaiteka nyinyi.”

Wako waliodhani kwamba alituonea. Hakutuonea. Katika Luka 13 mtunza shamba aliuombea mtini usiozaa mwaka mmoja zaidi, naye hakuuomba mwaka ule ili akae kivulini. Aliahidi kuupalilia na kuutilia samadi kwa mikono yake. Sisi tulikuwa tumeikata miti iliyokuwa na maua, bila kuiombea hata juma moja.

Basi kila jioni ya kiangazi twatoka na mtungi wa lita 20, twavuka ua, twamwaga nusu huku na nusu huku. Waumini wapitao njiani hutuona. Watoto wamezoea, hawacheki tena. Mtunda damu uliotoka kwa mbegu huchukua kama mwaka mmoja na nusu kabla ya kuzaa, na hii yetu sasa yatufika kifuani. Mmoja ulipigwa na baridi ya Julai ukapoteza majani yake yote, tukadhani umekufa. Mama alipita, akakwangua gome kwa ukucha, akatuonyesha ujani chini yake, akasema tupunguze maji mpaka joto lirudi. Tumepunguza. Jana tuliona vijichipukizi viwili, upande wa mashariki.