Mwalimu Akikwama, Amuulize Nani?

[Muziki unashuka. Mtangazaji anaanza.]

Leo nazungumza nanyi kutoka Malukhu, mjini Mbale, mashariki mwa Uganda. Sisi wa makazi ya wakimbizi tumezoea kudhani kwamba walimu wa mjini hawana shida kama zetu. Nimeketi nao. Shida moja tunayo pamoja: mwalimu akikwama, amuulize nani?

Tarehe 5 Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi, likapendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwetu tuliotoka Kongo ni habari njema. Lakini walimu wa kukifundisha ni wachache, na wengine wako peke yao shuleni. Basi wanaingia katika vikundi vya WhatsApp, pamoja na Watanzania na Wakenya wasiowajua hata kwa sura.

Mwalimu mmoja wa hapa alinisimulia. Aliuliza kikundini namna ya kufundisha ngeli. Kabla ya chakula cha jioni alikuwa amepokea majedwali, picha za kurasa za vitabu, na ujumbe wa sauti wa dakika sita. Akashukuru. Kesho yake akanakili jedwali lote ubaoni, na watoto wakanakili, kimya. Hakuna aliyeelewa. Juma lililofuata akaja mwenzake wa shule ya jirani, akaketi nyuma ya darasa kipindi kizima. Walipotoka akamwambia, "Mwalimu, watoto hawa wanasikia Luganda kila siku sokoni. Kitabu ni ekitabo, vitabu ni ebitabo. Ngeli wanazo tayari mdomoni. Anzia hapo." Jedwali likafutwa.

Wale wa kikundini hawakukosea. Jedwali lao lilikuwa sahihi kabisa. Ila hakuna hata mmoja wao aliyewaona wale watoto. Na sisi Wakongo tusijigambe sana, maana Kiswahili chetu huzirukaruka ngeli kama mbuzi aliyekatika kamba.

Hata hivyo simwambii mtu azime simu. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kwa madarasa yote tarehe 10 Januari 2022. Katika muda wote huo mwalimu mwenye simu na bando alikuwa na mtu wa kuzungumza naye kazi. Tena wafikirieni walimu wetu akina mama. Mkutano wa Jumamosi asubuhi unamfaa asiye na mtoto wa kunyonyesha wala nguo za kufua. Ujumbe wa sauti mama anausikiliza usiku, huku anakoroga ugali, wala hamwombi mtu ruhusa.

Lakini bando ni pesa. Kuanzia Julai 2018 serikali ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii. Mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa, ikaja nyingine ya asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Na Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kuanzia tarehe 13 hadi tarehe 18. Siku hizo kikundi cha watu mia mbili kilikuwa sawa na hakuna. Mwalimu wa shule ya jirani bado alifikika kwa miguu.

Katika kambi ya Kakuma, Kenya, walimu waliwahi kupitia mpango ulioitwa Teachers for Teachers, ulioendeshwa na Teachers College ya Columbia University, New York. Walipata mafunzo ana kwa ana, wakasaidiana wao kwa wao hapo hapo kambini, na pia wakaunganishwa kwa WhatsApp na walimu wa nchi za mbali. Utaratibu huo ndio ninaoutaka mimi: watu waketi pamoja kwanza, halafu simu ibebe mazungumzo yao wakisharudi nyumbani.

Ninaogopa jambo moja. Fedha za misaada zikipungua, kitu rahisi kukata ni nauli ya boda boda na chai ya mkutano. Walimu wataambiwa, "Tutawaunganisha kwenye simu." Mwalimu mkimbizi mwenye watoto zaidi ya mia darasani, na simu moja nyumbani kwa watu watano, ataunganishwa saa ngapi?

Walimu niliokutana nao Malukhu wamejipangia Ijumaa moja kila mwezi, baada ya vipindi, chini ya mwembe. Kila mmoja anakuja na swali moja ambalo simu imeshindwa kulijibu. Ninyi mlioko makazini, tutumieni ujumbe, au leteni karatasi studioni, mtuambie: kutoka shule yenu hadi ya jirani ni mwendo wa saa ngapi kwa miguu, na nani yuko tayari kuja? Majina ya shule tutayasoma hewani juma lijalo.

[Muziki.]