KOSA LA MTU SI KOSA LA KABILA
Hotuba kwa vijana, walimu na wazazi wa Migori na Homa Bay



Tumeombwa kuzungumza juu ya kuwafunza vijana wasimhukumu mwenzao kwa sababu ya tofauti zake. Kazi yetu ni sheria, kwa hiyo tutatumia lugha ya mahakama. Lakini kwanza hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe.

Tulipokuwa shule ya msingi, tulisoma na mwenzetu Mkuria. Matamshi yake hayakuwa kama yetu, nasi tuliyaiga na kuyacheka kila aliposimama kusoma. Muhula haukwisha kabla hajaacha kuinua mkono darasani, hata pale alipokuwa na jibu ambalo sisi hatukuwa nalo. Hakuna aliyetukemea. Miaka ikapita, tukaingia chuo kikuu mbali na nyumbani. Huko nasi tukaitwa wavulana wasiofaa kuongoza, eti kwa kuwa mila ya Wajaluo haikuwa na jando. Hapo ndipo tulipomkumbuka mwenzetu yule. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Wapo wasemao kwamba huo ni utani tu. Ndugu zetu, utani wa namna hiyo umekwisha kumwaga damu katika nchi hii. Katika mapigano ya miaka ya tisini, majirani walioishi pamoja Bonde la Ufa waliitwa madoadoa, na doa, kama tujuavyo, hufutwa. Baada ya uchaguzi wa 2007, Tume ya Jaji Waki iliandika katika ripoti yake ya 2008 habari za wanaume wa Kijaluo waliotahiriwa kwa nguvu. Neno lililoanza kama kejeli lilimalizika kwa kisu.

Tena tutazameni jambo moja la ajabu. Tangu 2008, vijana wengi wa Nyanza wametahiriwa hospitalini kwa hiari yao, ili kupunguza hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Je, kejeli ilikwisha? Mwaka 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilipotoa orodha ya maneno ya uchochezi, tusi lile lile la kutotahiriwa lilikuwamo, pamoja na neno madoadoa. Basi sababu ya chuki haikuwa ile tofauti. Mwenye kutafuta dharau hakosi pa kuitundika.

Lakini tusiwanyoshee kidole wa mbali tu. Hapa kwetu, ng'ombe wakiibwa usiku katika mpaka wa Wajaluo na Wakuria, kabla jua halijapanda kabila zima limekwisha hukumiwa. Hakuna shahidi, hakuna utetezi, na mara nyingine anayepigwa ni mpita njia aliyekwenda sokoni. Sheria haimjui mwizi aitwaye kabila. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 chasema mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo, na Kifungu cha 27 chakataza ubaguzi wa kabila, dini, lugha, ulemavu na mengineyo.

Kwa hiyo twawaomba walimu na wazazi wawafunze watoto kanuni tatu za mahakama. Kwanza, msikilize mtu kabla ya kumhukumu. Pili, mpime kwa tendo lake, wala si kwa jina la ukoo wake. Tatu, adhabu imwandame mtenda kosa peke yake. Mtoto wa darasa la nne aweza kuzielewa kanuni hizi kama mwalimu atamkatiza yule anayemcheka mwenzake, na kama baba atachunga ulimi wake mezani. Mtoto hazaliwi na dharau, huiokota nyumbani.

Nasi wa Homa Bay tuna funzo letu wenyewe. Wasuba wa Rusinga na Mfangano walianza kuongea Kidholuo, hata lugha yao ikawekwa na UNESCO miongoni mwa lugha zilizo hatarini. Mtoto akichekwa kwa lugha ya bibi yake, lugha hiyo hufa kinywani mwake. Na katika Rusinga hiyo hiyo amelala Tom Mboya, aliyeuawa tarehe 5 Julai 1969. Mwaka 1957 wapiga kura Waafrika wa Nairobi, mji wa makabila mengi, walimpeleka katika Baraza la Kutunga Sheria. Walikuwa wamemwona akiwapigania wafanyakazi, wakamchagua kwa kazi yake.

Ndugu wapenda mageuzi, mwaka 1991 Kifungu cha 2A kilipofutwa, tulipata ruhusa ya kuwa na vyama vingi. Demokrasia ya vyama vingi maana yake ni kukubali kwamba jirani aweza kutofautiana nawe, akabaki jirani. Kijana asiyestahimili matamshi ya mwenzake darasani atastahimilije kura ya mwenzake? Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 humwadhibu mchochezi, lakini huja baada ya neno kutoka. Kabla ya hapo, ulinzi uko mikononi mwenu.

Na kama yupo hapa leo mwenzetu yule tuliyemcheka, twamwomba radhi mbele ya watoto wetu.