MTAJI TULIOPEWA: UDONGO, MAJI, MITI NA MALISHO YA SHINYANGA

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu chetu



Nashukuru kwa heshima niliyopewa ya kusema nanyi katika siku hii ambayo Chama chetu kinatimiza miaka 10. Waliotangulia wamekwisha kueleza habari za maghala, mizani na bei ya pamba, nao wameeleza vizuri. Mimi nimeombwa kusema juu ya mali ambayo haimo katika vitabu vya Mweka Hazina, ingawa pasipo mali hiyo vitabu vyenyewe visingalikuwa na kitu cha kuandikwa. Mali hiyo ni udongo, maji, miti na malisho ya nchi yetu ya Shinyanga. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi, kwa ruhusa yenu, leo na tulifungue daftari hilo.

Mali ya asili ni kila kitu chenye manufaa ambacho binadamu hakukiumba, bali alikikuta. Kwa kadiri ya matumizi yake, yaweza kugawanywa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni mali isiyopungua kwa kutumiwa, yaani jua na upepo. Mama anayeanika mtama wake juani leo hapunguzi jua la kesho.

Fungu la pili ni mali ambayo ikichukuliwa hairudi. Hayo ndiyo madini, nasi twayajua kwa kuwa twaishi jirani nayo. Mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, huko Kahama, ulianza kazi mwaka 2009, na uzalishaji wake ukakoma mwaka 2021. Mtoto aliyezaliwa mwaka ulipofunguliwa alikuwa bado ni mwanafunzi ulipofungwa. Sisemi haya kwa kulaumu, maana ndiyo tabia ya madini: shimo halizai.

Fungu la tatu ni mali inayojirudisha yenyewe, kwa sharti moja tu, kwamba tusiitumie upesi kuliko inavyorudi. Humo mna udongo wenye rutuba, maji ya visima na mito, misitu, malisho, samaki na wanyama wa porini. Hili ndilo fungu la mkulima, nalo ndilo lenye kudanganya kuliko yote. Kwa kuwa majani huota kila mwaka, mtu hudhani kuwa yataota daima. Lakini mwanachama wa ushirika hahitaji kufundishwa jambo hili. Twajua sote kwamba ziada ya mwaka yaweza kugawanywa, bali mtaji haugawanywi. Chama kinachogawa mtaji wake hupendwa na watu kwa mwaka mmoja, na mwaka wa pili hakipo. Nyasi, kuni na mavuno ni ziada. Udongo, na mizizi iliyomo ndani yake, ndio mtaji.

Wazee wetu waliyafahamu haya kabla ya kuwapo chama chochote. Katika nchi hii mvua ni ya wastani wa milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, tena haina uaminifu, na kiangazi ni kirefu. Kwa sababu hiyo walifanya desturi ya ngitili. Mvua zilipoanza, mtu alifunga sehemu ya ardhi yake, au kijiji kilifunga sehemu moja kwa ajili ya wote, na mifugo haikuingia. Majani yalikua yakakomaa, yakasimama kama akiba ghalani. Kiangazi kilipokuwa kikali, na malisho ya nje yamekwisha, ngitili ilifunguliwa, ikaliwa kwa zamu, ng'ombe wa kulima, ndama na ng'ombe wa maziwa wakitangulizwa. Hiyo ilikuwa benki ya Msukuma, na kila aliyeweka aliikuta akiba yake.

Benki hiyo ilivunjikaje? Haikuvunjwa na adui mmoja, wala kwa siku moja. Tangu miaka ya 1920 mapori makubwa yalifyekwa ili kuwaangamiza mbung'o, waletao nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Kazi ile ilikuwa na sababu njema, lakini miti iliyoondolewa haikurudishwa. Kisha pamba ilistawi, mashamba yakapanuka, na fedha za pamba zikanunua ng'ombe. Hivyo ng'ombe waliongezeka wakati ule ule malisho yalipokuwa yakipungua. Mwaka 1974 watu walihamishiwa katika vijiji, na wengi wakaziacha ngitili walizokuwa wakizitunza, zikabaki pasipo mwenyewe. Mwaka 1986 ngitili zote zilizobaki katika Mkoa zilikadiriwa kuwa hekta kama 600 tu. Wenye umri wangu wakumbuka vumbi la siku zile, na mama zetu wakumbuka mwendo wa kutafuta kuni.

Mwaka huo huo wa 1986 Serikali ilianzisha kazi iliyoitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambayo wengi twaijua kwa jina la HASHI. Mambo mengi yalijaribiwa, hata kugawa miche ya miti ya kigeni, lakini kilichofanikiwa kuliko vyote kilikuwa ile desturi ya wazee. Watu walipofunga ardhi tena, visiki walivyodhani vimekufa vilichipua, kwa kuwa mizizi ilikuwa hai chini. Mikutano ya dagashida ilitunga sheria ndogo, na sungusungu wakazilinda, na mchungaji aliyeingiza ng'ombe ndani ya ngitili iliyofungwa alitozwa faini mbele ya watu wote.

Mapema katika miaka ya 2000, ngitili zilikuwa zimefika hekta zaidi ya 300,000, katika vijiji zaidi ya 800 vya Mkoa wa wakati ule, pamoja na zile wilaya ambazo tangu mwaka 2012 zimo katika Mkoa wa Simiyu. Watafiti walihesabu humo aina zaidi ya 100 za miti na vichaka, na aina zaidi ya 100 za ndege. Watu walipata kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, asali, dawa na matunda. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa. Sitaki kuwaficha kwamba ilikuwa na gharama zake pia: fisi walirudi pamoja na miti, na ndege waharibifu wa nafaka walipata mahali pa kulala. Hata hivyo mimi sijapata kumsikia mwenye ngitili akitamani vumbi lirudi.

Ndugu Wanachama, kama habari ingaliishia hapo, ningaliwapongeza nikaketi. Lakini HASHI ilimalizika mwaka 2004, na sasa ulinzi ni wetu wenyewe. Mkoa wa Shinyanga ulikuwa na watu zaidi ya milioni 1.5 katika hesabu ya mwaka 2012, na zaidi ya milioni 2.2 katika hesabu ya mwaka 2022. Ngitili ya baba hugawanywa kwa wana watano, na kila mmoja hupata kipande kisichotosha kufungwa. Miji yataka mkaa, na gunia la mkaa hulipwa siku ile ile, bali majani hungoja kiangazi. Moto wa kusafishia shamba huvuka mpaka usiku. Jembe la ng'ombe hufika hata ukingoni mwa mto, ingawa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu katika mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Na sasa naomba nikiri jambo. Baba yangu aliniachia ngitili ya ekari 6. Mwaka mmoja bei ya pamba ilipokuwa nzuri, niliifyeka yote nikapanda pamba. Miaka 2 ya kwanza nilivuna sana, hata nikaitwa mbele ya mkutano kama huu nikapigiwa makofi. Mwaka wa 3 mavuno yalipungua. Mwaka wa 4 mvua ya alasiri moja ilichimba mfereji toka juu ya shamba hadi njia ya ng'ombe. Nilipouona mara ya kwanza niliuruka kwa hatua moja, nikasema nitauziba baadaye. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, nami sikuziba. Leo mtu mzima akisimama ndani yake haonekani kichwa. Kiangazi kile nilikwenda kwa jirani yangu, yule niliyekuwa nikimcheka kwamba ameacha ardhi yake bila kazi, nikamwomba nikodi majani ya ngitili yake. Alinipokea kwa heshima, wala hakunikumbusha maneno yangu. Hilo liliniuma kuliko kodi niliyolipa.

Nasema haya, Ndugu Mwenyekiti, kwa sababu makofi yale niliyopigiwa yalikuwa ya Chama chetu. Kwa miaka 10 tumetoa zawadi kwa mkulima aliyelima ekari nyingi kupita wenzake. Hatukumwuliza alizitoa wapi ekari hizo. Kwa nia njema kabisa tumekuwa tukimtuza mtu kwa kula mtaji. Kwa hiyo naomba Mkutano huu uyafikirie mambo manne.

La kwanza, zawadi ya mwaka ibadilishwe. Apewe mkulima aliyevuna kilo nyingi kwa kila ekari moja, na ambaye bado ana sehemu ya ardhi yake iliyofungwa. Anayeongeza mavuno kwa samadi, kwa kupanda mapema na kwa kupalilia ndiye anayeongeza utajiri wa Chama.

La pili, kila chama cha msingi kiwe na daftari la ngitili za wanachama wake, likionyesha ukubwa, mwenyewe na mwaka wa kufungwa, na lisomwe katika mkutano wa mwaka kama hesabu nyingine zisomwavyo. Zile za kijiji zisajiliwe kwa msaada wa Halmashauri za Vijiji, kwa maana Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zimekipa kijiji uwezo wa kutenga na kulinda msitu wake.

La tatu, mkopo wa jembe au wa ng'ombe wa kulimia uwe na sharti kwamba matuta yakingame na mteremko, yasiufuate. Tuta linaloshuka na mteremko ni mfereji uliochimbwa na mwenye shamba mwenyewe.

La nne, masalia ya pamba, ambayo sheria yatutaka tuyang'oe na kuyachoma ili kuwaua wadudu, yapelekwe jikoni yakachomwe huko mapema, wala yasirundikwe hadi msimu mwingine. Kila mzigo wa masalia ni mzigo wa kuni ambao mama hakuukata porini.

Najua yupo mwanachama anayeuliza moyoni: Nitakula nini nikingoja miti? Swali hilo ni la haki, na atakayelidharau hajapata kulala njaa. Jibu langu ni kwamba hatuambiwi tufunge shamba lote. Ekari moja au mbili zatosha kuanza. Majani hurudi katika msimu wa kwanza wa mvua, na ng'ombe wa kulimia atakayeyala mwezi wa Septemba atakuwa na nguvu ya kuvuta jembe mwezi wa Novemba. Asiye na ekari ya kufunga aungane na ndugu zake wafunge pamoja vipande vyao vilivyogawanyika. Ushirika ndiyo kazi yetu. Haukosi kufaa katika majani kama unavyofaa katika pamba.

Ndugu Wanachama, Chama chetu kikijaliwa kutimiza miaka 20, wengine wetu hatutakuwapo. Watoto wetu hawataweza kuturudisha kutuuliza, bali watalifungua daftari. Naomba wakute ndani yake kwamba tuliupokea mtaji, tukala ziada, tukawaachia mtaji wao. Mimi nimeanza kuzungushia miiba ekari 2 pembeni mwa ule mfereji wangu. Visiki vitatu vya migunga vimechipua. Karibuni mje mvione, na mniletee maneno ya kunisahihisha.