Kuuliza si Ujinga: Wanafunzi wa Uuguzi Wainuane



Mwanafunzi wa uuguzi hasubiri cheti ndipo akutane na wagonjwa. Akiwa bado masomoni huletwa wadini kwa mazoezi. Tangu 2013, huduma za afya zilipogatuliwa, hospitali nyingi anakopelekwa ziko chini ya kaunti. Huenda ndiye atakayempima mtoto wako joto kesho.

Mzigo wake ni mkubwa: masomo mengi, zamu za usiku, karo, na siku ya kwanza kushuhudia mgonjwa akifariki. Mbele yake upo mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya. Wengi wanaokata tamaa hawakosi akili. Hukosa mtu wa kumwuliza swali dogo bila kuona haya.

Chukua mfano. Mtoto wa kilo 10 ameandikiwa parasetamoli, miligramu 15 kwa kila kilo. Anahitaji miligramu 150. Ikiwa dawa ya maji ina miligramu 120 katika kila mililita 5, kipimo chake ni mililita 6.25. Nukta ikisogea hatua moja, hesabu inakuwa mililita 62.5, yaani mara 10 ya kipimo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huenda akaogopa kuuliza mbele ya darasa zima. Hataogopa kumwuliza wa mwaka wa tatu, ambaye naye aliwahi kutatizwa na hesabu hiyo hiyo.

Huo ndio ushauri wa rika, na hauhitaji jengo jipya. Mwanafunzi mmoja aliyetangulia hupewa wenzake 3 au 4 wageni. Hukutana saa moja kila wiki, wakarudia hesabu za dawa na kufanya mazoezi kwa sanamu ya mafunzo. Kisha huulizana: umekula? Umelala? Zamu ilikuwaje? Anayeelekeza naye hufaidika, kwani huwezi kumweleza mwenzako jambo usilolielewa.

Hata hivyo, mipaka iwepo. Mshauri wa rika si mhadhiri. Wadini, kila dawa ithibitishwe na muuguzi aliyesajiliwa kabla ya kumfikia mgonjwa. Siri za mwenzake azitunze, lakini maisha yakiwa hatarini, amjulishe mhadhiri au mshauri nasaha wa chuo mara moja.

Vyuo navyo vitenge saa hiyo kwenye ratiba, isiachiwe jioni wakati kila mtu amechoka. Wazazi, mtoto akipiga simu, msimwulize alama pekee. Mwulizeni pia anasoma na nani. Nanyi wakazi, mkimwona mwanafunzi wadini akimwuliza mwenzake, msimcheke wala msimtilie shaka. Wa kuogopwa ni yule asiyeuliza.