Ndege, Vioo na Ramani za Ujenzi

(Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya wasanifu majengo, wanakandarasi na wenye hoteli wa Kilifi)

Naomba dakika zenu chache nizungumzie jambo ambalo halijazoeleka katika vikao vya ujenzi. Jambo lenyewe ni ndege.

Nianze kwa kukiri kosa langu. Miaka michache iliyopita nilitumwa kupiga picha jengo jipya la ghorofa nne, mbele lote vioo kutoka chini hadi juu. Nilifika alfajiri ili nipate mwanga mzuri. Minazi na mawingu vilionekana ndani ya vile vioo kama mchoro. Nilipokuwa nafunga kamera, askari wa mlangoni aliniita. "Mwanangu, uzuri wa jengo umeuona. Njoo uone na haya." Akafungua katoni. Ndani mlikuwa na ndege watano waliokufa: shore wawili, chozi mmoja, na wawili ambao sikuwajua. Alikuwa amewaokota chini ya vioo asubuhi hiyo kabla paka hawajafika.

Picha ya jengo niliichapisha. Habari ya katoni sikuiandika hata mstari mmoja. Leo nalipa deni hilo.

Kwa nini ndege agonge kioo? Sababu ni mbili. Ya kwanza ni ya mchana. Ndege hatambui kioo kuwa ni ukuta. Akiona mti ndani ya kioo, kwake huo ni mti wa kutua. Akiona anga, hiyo ni njia ya kupita. Na pale ambapo vioo viwili vinakutana kwenye kona, au baraza ina ukingo wa kioo kitupu, huona upande wa pili na kudhani pako wazi.

Sababu ya pili ni ya usiku. Ndege wengi wanaohama husafiri gizani, na taa kali huwavuta na kuwapoteza njia. Hapa Kenya tuna ushahidi unaojulikana dunia nzima. Katika hoteli ya Ngulia, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, ndege wadogo kutoka Ulaya na Asia huvutwa na taa kwa wingi katika usiku wa ukungu usio na mbalamwezi, hasa Novemba na Desemba. Tangu mwaka 1969 wataalamu wamekuwa wakiwanasa hapo kwa nyavu, kuwavisha pete zenye namba miguuni, na kuwaachilia waendelee na safari. Ngulia taa zimeleta elimu. Mahali pengine taa hizo hizo, zikiwa nyuma ya kioo, huleta mauti.

Mfano mchungu ulitokea Chicago, Marekani. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Oktoba 2023, ndege wapatao 1,000 walikufa kwa kugonga vioo vya jengo moja tu, ukumbi wa mikutano wa McCormick Place ulio kando ya ziwa. Mwaka uliofuata vioo vya jengo hilo vilibandikwa utando wenye nukta ndogo ndogo, na msimu huo vifo vikapungua kwa takriban asilimia 95. Jengo halikubomolewa, wala watu waliomo hawakunyimwa mwanga. Tiba ilikuwa nukta.

Utafiti uliotolewa mwaka 2014 ulikadiria kwamba nchini Marekani pekee, ndege kati ya milioni 365 na milioni 988 hufa kila mwaka kwa kugonga majengo. Ndiyo maana miji kadhaa imeliingiza jambo hili katika masharti ya ujenzi. San Francisco iliweka viwango vyake mwaka 2011. Toronto, Kanada, nayo ina masharti ya vioo katika viwango vyake vya ujenzi. New York ilipitisha sheria inayotaka majengo mapya yatumie vioo ambavyo ndege wanaviona, kuanzia chini hadi futi 75 kwenda juu. Sehemu ya chini ndiyo inayotiliwa mkazo kwa sababu huko ndiko kuliko na miti, na huko ndiko ndege wengi huruka.

Sasa turudi nyumbani. Msitu wetu wa Arabuko-Sokoke ni makao ya ndege wasiopatikana kwa urahisi kwingine duniani. Kwera wa Clarke hajulikani kuishi popote ila katika kaunti hii ya Kilifi. Hori ya Mida hupokea ndege wa pwani wanaotoka mbali sana. Wageni hulipa waongozaji wetu vijana ili wawaone ndege hao, kisha jioni hulala katika hoteli zenu. Ndege akifa chini ya kioo cha hoteli, kuna kijana wa Gede au Watamu anayepunguziwa riziki.

Najua mtu atauliza: watu wanataka maji na barabara, wewe watuletea habari za ndege? Swali ni halali. Jibu langu ni kwamba hatua nyingi hazina gharama zikifikiriwa wakati wa kuchora ramani. Gharama huja jengo likishakamilika. Tena kioo kinachoua ndege ndicho kile kile kinachoingiza jua la Pwani ndani ya ofisi na kupandisha bili ya umeme wa kipoza hewa.

Wazee wetu walilijua hili bila kusoma kitabu. Nyumba za zamani za mji wa Lamu zina kuta nene za mawe ya matumbawe, madirisha madogo na vivuli virefu. Upepo unapita, jua linazuiwa, na ndege huona ukuta. Hatusemi turudi karne hizo. Tunasema tuchukue hekima yake.

Kwa hiyo naomba mambo matano.

Kwanza, punguza kioo kitupu, hasa kinachoelekea miti, bustani au maji. Tumia mbao za kuzuia jua, matofali yenye matundu, au wavu wa mbu uliowekwa upande wa nje.

Pili, ukitumia kioo kikubwa, kiwe na nukta au mistari kwa nje, nafasi kati yake isizidi sentimita 5 kwenda juu na kwenda pembeni. Kibandiko kimoja cha picha ya mwewe hakisaidii. Ndege hukikwepa na kugonga pembeni yake.

Tatu, epuka kona za kioo na kingo za kioo kwenye baraza.

Nne, taa za nje zielekezwe chini na zifunikwe juu. Msimu wa ndege wahamaji, zima usiku taa zisizohitajika.

Tano, kwa nyumba zilizokwisha kujengwa, tuanze na lile dirisha moja ambalo mlinzi au mfagiaji anajua kuwa linaua. Muulizeni. Yeye ndiye mwenye takwimu.

Sijasimama hapa kutangaza sheria mpya. Lakini Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya mipango na maendeleo, na Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inairuhusu kaunti kutoa kibali cha ujenzi kikiwa na masharti. Mlango upo. Kanuni zikiletwa kwa maoni ya umma, njooni mseme ni sharti gani linatekelezeka na lipi litamuumiza mjenzi wa kawaida. Sharti lililoandikwa bila fundi huishia kwenye kabati.

Siku nyingine nikitumwa kupiga picha jengo jipya, nitaanza kwa kuuliza walinzi wameokota nini asubuhi hiyo. Natumaini jibu litakuwa: majani tu.