Petroli Ikichemka Njiani

Leo tuzungumze juu ya gari la petroli la zamani, lile lenye kabureta. Tuchukue Land Rover Series III, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Bado zipo zinazotubebea mahindi.

Gari linapanda Kitonga mchana wa jua kali. Linaanza kukohoa, halafu linazimika. Dereva anasema, "Plagi hizo!" Ngoja kwanza. Huenda petroli imechemka ndani ya mrija. Petroli ikipata joto jingi hugeuka mvuke, na pampu haiwezi kusukuma mvuke vizuri. Kabureta inabaki na njaa.

Fungua boneti, gari lipoe nusu saa. Likiwaka vizuri, tunashuku joto. Kitambaa cha maji juu ya pampu na mrija husaidia. Lakini usimwage maji kwenye bomba la moshi lenye moto, chuma kile hupasuka! Kama mrija wa petroli umekaribia bomba hilo, usogeze. Chini ya kabureta pana kipande cha kuzuia joto. Tumeona mafundi wakikitupa wanapofunga. Kirudishwe.

Je, limegoma kuwaka na harufu ya petroli ni kali? Hapo petroli haikupungua, imezidi. Imechemka ndani ya kabureta ikafurika. Kanyaga mafuta mpaka mwisho, shikilia hapo hapo, piga stata.

Sasa, likimisi hata likiwa la baridi, tupime nguvu ya petroli. Kwanza fungua kifuniko cha tangi. Kikivuta hewa kwa sauti, tundu lake limeziba. Safisha kikombe cha kioo cha pampu, maji na taka hukaa humo.

Halafu chomoa waya wa betri. Mvuta sigara akae kule mwembeni. Toa mrija kwenye kabureta, uingize kwenye chupa, na upige pampu kwa mkono, kwa kile kiwiko chake kidogo. Petroli iruke kwa nguvu kila unapopiga. Kiwiko kikilegea, zungusha injini kidogo ujaribu tena. Ikidondoka matone tu, na mrija wa kutoka tangini haukuziba, basi pampu imechoka.

Nusa na kijiti cha oili. Kikinuka petroli, huenda ngozi ya ndani ya pampu imetoboka na petroli inaingia kwenye injini. Gari hilo lisiwashwe mpaka pampu itengenezwe na oili ibadilishwe.